Mjadala: Sala katika shule za umma Marekani, ni nani hasa aliyekatazwa kusali?

Mtoa mada:
Wakuu, hoja ya sala shuleni ikiibuka Marekani, hakosi mtu wa kudai kwamba Mungu alifukuzwa darasani mwaka 1962. Tuanzie hapo hapo.

Bodi ya elimu ya jimbo la New York ilitunga sala yake yenyewe. Yaani maafisa wa serikali walikaa wakapanga maneno ya kumwambia Mungu, wakazishauri shule zifungue siku kwa maneno hayo. Haikutaja Yesu wala Musa, ilitungwa isimuudhi yeyote. Wazazi kadhaa wa Long Island wakaenda mahakamani, na katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 6 dhidi ya 1, kwamba kuwatungia raia sala si kazi ya serikali. Mwaka 1963, kesi ya Abington ikasimamisha usomaji wa Biblia ulioongozwa na shule kila asubuhi.

Hakuna hukumu kati ya hizo iliyomzuia mwanafunzi kusali kwa hiari yake. Anasali kabla ya mtihani, anasali na wenzake wakati wa mapumziko. Aliyenyang'anywa sala ni serikali, na mimi naona mwumini ndiye aliyenufaika. Sala ya kamati haina hata ladha ya dini.

Mchangiaji wa kwanza:
Mtoa mada, unarahisisha mambo. Sala ile ilikuwa ya hiari, asiyetaka angenyamaza au kutoka. Jaji Potter Stewart, aliyepinga peke yake, alisema kuwazuia watoto wanaotaka kuisali ni kuwanyima sehemu yao katika urithi wa kiroho wa taifa lao. Mahakama hiyo hiyo hufungua vikao kwa kumwomba Mungu ailinde. Bunge lina kasisi anayelipwa na serikali. Kwa nini watu wazima waombewe, watoto wasiombewe?

Mchangiaji wa pili:
Kwa sababu mbunge akichoshwa na sala anatoka, na hakuna wa kumuuliza. Mtoto wa miaka saba yuko darasani kwa amri ya sheria, na anayeongoza sala ndiye anayesahihisha daftari lake. Hiari gani hiyo, ya kusimama mlangoni darasa zima likikutazama?

Halafu tuache kudhani huu ni ugomvi wa Wakristo na wasioamini. Philadelphia, mwaka 1844, Waprotestanti na Wakatoliki walitoana damu na makanisa yakachomwa. Moja ya chanzo ni Biblia ipi isomwe shuleni. Na mwaka 2000, kesi ya Santa Fe kule Texas, iliyohusu sala ya kwenye kipaza sauti kabla ya mechi, ilifunguliwa na familia ya Kikatoliki na ya Kimormoni. Walikuwa wanasali nyumbani kwao hao.

Mchangiaji wa tatu:
Sawa, na kocha Kennedy je? Kocha msaidizi wa shule ya Bremerton, jimbo la Washington, alikuwa akipiga magoti uwanjani baada ya mechi. Shule ikamzuia. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikampa haki, kura 6 dhidi ya 3. Mtu akiajiriwa na serikali haivui imani yake getini.

Mtoa mada:
Hapo ndipo pananiumiza kichwa. Akisali peke yake, sina neno. Majaji waliompa ushindi walisema ilikuwa sala fupi ya mtu binafsi. Jaji Sotomayor akapinga, akaweka picha ndani ya maoni yake: kocha katikati, wachezaji wamemzunguka. Faili moja, matukio mawili! Mimi namwaza kijana asiye wa dini ile, anayejua kwamba kocha ana sauti katika kuamua nani acheze na nani akae benchi. Hakuna aliyemwambia apige magoti. Atapiga.

Sasa mnaomtetea, nijibuni: kocha angetandika mswala katikati ya uwanja, mngesema haya haya?

Mchangiaji wa tatu:
Mimi ningesema. Waliomshangilia Kennedy wote? Siwezi kuwaapia. Ila hilo ni kosa lao, haliipunguzii haki yake chochote.