Naomba ushauri: mlo wa FODMAP ndogo, jioni nipike nini?

Mama_Wawili
Habari za jioni wakuu. Nimesumbuka na tumbo muda mrefu: linajaa gesi, linakata, mara nafunga choo, mara naharisha. Nimepimwa vidonda, amiba, kila kitu, hakuna kilichoonekana. Daktari kasema ni IBS, yaani utumbo unaosumbua bila ugonjwa kuonekana kwenye vipimo, akanipa karatasi ya vitu vya kuacha: kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, kunde, ngano, maziwa, embe, tikiti, parachichi, asali. Eti vina sukari na wanga ambao utumbo haunyonyi vizuri, unavuta maji na kuchachuka humo humo tumboni; ndiyo hizo FODMAP.

Asubuhi na mchana najitahidi. Kasheshe ni jioni. Natoka kazini hoi, nyumbani kuna mume, watoto na mama mkwe, na sina nguvu za kupika sufuria yangu na sufuria yao. Juzi nimepika mchuzi bila kitunguu, mama mkwe kaonja akauliza kama ni maji ya kuoshea sufuria. Mnaofuata mlo huu mnapika nini cha haraka ambacho nyumba nzima itakula? Nipo Dar.

Chuma_Ulete
Hivyo ni vidonda vya tumbo dada, usizungushwe. Juisi ya kabichi kila asubuhi.

LisheKwanza
Mkuu, kasema kapimwa. Angekuwa anaona damu kwenye choo, anapungua uzito bila sababu au anaamshwa usiku na maumivu, hapo ningemrudisha hospitali leo leo.

Dada, kazi yangu ni lishe. Mlo huu waliutengeneza watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, na haukukusudiwa uwe wa maisha. Unabana wiki 2 hadi 6, halafu unarudisha kundi moja moja ujue lipi linalokuumiza. Wengi wanakwama kwenye kubana, wanakaa mwaka mzima bila maharage kumbe shida yao ilikuwa maziwa tu. Kama daktari hakukueleza hatua ya kurudisha, muulize.

Sasa tazama kilichobaki: wali, ugali wa sembe, viazi mviringo, ndizi mbichi, samaki, kuku, nyama, mayai, sukuma wiki, spinachi, karoti, tango, biringanya. Mbona hiyo ni sahani yetu ya kila siku? Kinachokusumbua ni kile kikaango cha kitunguu tunachoanzia kila mboga.

Binti_Ngamiani
Hapo kwenye kikaango ndipo nilipohangaika mimi. Sikiliza mama. Ile kitu ya kwenye kitunguu saumu inayoumiza tumbo inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Kwa hiyo weka mafuta, tia punje nzima za saumu, usizitwange, moto mdogo. Zikianza kupata rangi ya dhahabu zitoe zote. ZOTE. Ndipo utie tangawizi, binzari na nyanya. Harufu ya saumu utaipata, tumbo litatulia. Ukishatia nyanya au maji na punje bado zimo, umeharibu, hata ukiziokota baadaye.

Mafuta hayo tengeneza ya jioni hiyo hiyo. Usiyaweke kwenye chupa juu ya kabati wiki nzima, saumu iliyokaa kwenye mafuta bila baridi inaweza kuzalisha sumu mbaya sana.

Badala ya kitunguu maji chukua vitunguu vya majani, tumia ule upande wa kijani peke yake. Kikonyo cheupe waachie wao.

Bi_Mkubwa_Unguja
Mwanangu, mvuje umeusahau? Ule ule wa kuwafungia watoto wachanga. Wahindi wasiokula vitunguu ndio wanaoungia mchuzi. Chembe tu kwenye mafuta ya moto, ile harufu mbaya inaondoka inabaki ladha kama ya kitunguu. Ukizidisha nyumba nzima itahama. Wa unga mara nyingi huchanganywa na ngano, ni kidogo, lakini mwenye tatizo la ngano kabisa asome pakiti.

Mtoto_wa_Kibosho
Pika mtori. Nyama ya mfupa ichemke na tangawizi, karoti na yale majani ya kijani, tia ndizi mbichi, ponda, malizia na siagi kidogo na ndimu. Mama mkwe hatauliza kitu, mtori hauhitaji kitunguu kuwa mtori (najua wazee wangu watanipinga). Ila ndizi iwe mbichi kweli. Zikishaanza kuiva mambo yanabadilika.

Chemsha supu nyingi Jumapili, gawa kwenye vyombo, weka friza. Katikati ya wiki unamenya ndizi tu.

Fundi_Rangi
Mnahangaika bure. Zege! Viazi na mayai, kuna kitunguu gani humo?

LisheKwanza
Fundi hajakosea. Ila kachumbari aiache, tomato ya chupa aiache maana nyingi zina unga wa saumu, na viazi vyenyewe vikaangwe na mafuta kidogo nyumbani. Mafuta mengi huliamsha tumbo la IBS hata kama chakula hakina FODMAP.

Mama_Wawili
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nina maswali. Tui la nazi je? Sisi bila nazi samaki haendi. Na nyanya nazo sijaziona kwenye karatasi, nitie ninavyotaka?

LisheKwanza
Tui usizidishe robo kikombe kwa sahani yako. Samaki wa kupaka basi awepo, ila mchuzi usiuelee. Nyanya nazo nusu ya ile ya wastani kwa mlo, na ya kopo iliyokolea iende kwa kipimo zaidi. Vitu vidogo vidogo vikijumlishwa kwenye sahani moja vinakuwa kimoja kikubwa, ndipo mtu analalamika kwamba kafuata orodha na bado kavimba.

Binti_Ngamiani
Na hili la kupikia watu wote: anza sufuria moja kwa mafuta ya saumu. Mchuzi ukishaiva, chota wako weka pembeni. Kaanga vitunguu vyao kwenye kikaango kidogo mpaka viwe vya kahawia, mwagia kwenye sufuria iliyobaki. Dakika chache tu, na mama mkwe anapata kitunguu chake. Mwiko usirudi kwako lakini.

Mama_Wawili
Hilo ndilo nilikuwa nalitafuta! Kesho sato, sukuma ya karanga na ugali. Karanga zinaruhusiwa? Na vile viungo vya vipande vya kutia kwenye supu?

Binti_Ngamiani
Karanga kiganja kimoja sawa, korosho ndizo hapana. Vipande vya supu achana navyo, soma nyuma ya pakiti utakuta kitunguu na saumu. Tia pilipili manga, jira na ndimu.