Mrejesho: Maandishi ya kaburi yamesomeka
Ndugu zangu, niliuliza namna ya kusoma maandishi yaliyofifia kwenye makaburi ya zamani kijijini. Mlinikataza kabisa brashi ya waya na dawa ya madoa, mkanishauri nimulike jiwe kwa kioo kutoka ubavuni. Asanteni sana! Mwanga ulipopita kwa mshazari, vivuli vilijaa kwenye michongo na herufi zikajitokeza moja moja. Majina manne ya ukoo mmoja, wawili wakiwa watoto, wote walifariki Novemba 1918. Nilikaa chini. Yaelekea ni yale mafua yaliyoizunguka dunia mwaka ule, na nyumbani hakuna aliyewahi kuyataja. (Marumaru imelika kwa mvua, ila kaburi la pembeni la graniti, jiwe gumu zaidi, bado linasomeka vizuri.) Kesho naenda kanisani kuomba kuona daftari la mazishi.