Ndoa ya bomani siku ya mvua: lenzi ya 35mm au taa ya LED?

PichaMtaani: Wakuu, habari za jioni. Aprili nina ndoa ya bomani hapa Dar, na masika yamekolea. Ofisi ni finyu, ina dirisha moja tu. Nina kamera ya APS-C (yenye kihisi kidogo), lenzi ya 50mm f/1.8 (inayopitisha mwanga mwingi) na flashi. Hela inatosha kimoja tu: kukodi 35mm f/1.8 au kununua taa ya LED. Mnashaurije?

FundiLenzi: Kodi lenzi, mkuu. 50mm kwenye APS-C inabana picha kama 75mm. Utaegemea ukuta na mashahidi bado hawaingii. LED itawaumiza macho wakati wa kutia saini. Flashi ielekeze darini kama dari ni nyeupe.

Shata100: Lenzi naunga mkono, flashi hapana. Shughuli yenyewe ni fupi, na kila ikiwaka watu wanaacha kumsikiliza msajili wanakugeukia wewe. Panda hadi ISO 3200, yaani ongeza wepesi wa kamera kunasa mwanga. Picha yenye chenga kidogo inachapika vizuri tu. Ila chunga taa za tyubu: umeme wetu ni 50Hz, zinapwita mara 100 kwa sekunde. Ukiweka shata (muda wa kunasa picha) 1/250 ya sekunde utapata mistari na rangi zinazobadilika picha hadi picha. Baki 1/100. Msajili akiridhia, zimeni taa kabisa, maana mawingu ya mvua yanalainisha sana mwanga wa dirishani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, kwa hiyo una muda wa kwenda kuiona ofisi mapema.

MamaAlbamu: Mimi naongea kama bibi harusi wa bomani. Picha ninayoipenda kuliko zote tulipigwa barazani, mvua ikimwagika nyuma yetu. Usiwanyime hiyo! Nunua mwavuli mweupe au wa plastiki angavu. Mwekundu unapaka nyuso rangi.

PichaMtaani: Asante dada. Na mvua yenyewe nitaifanyaje ionekane?

FundiLenzi: Hapo ndipo flashi yako ina kazi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke nyuma ya maharusi ikitazama kwako, wao waizibe kwa miili yao. Tafuta mandhari ya giza, shata 1/200: matone yatawaka. Ukitaka michirizi, acha flashi, shusha hadi 1/60.

Shata100: Ofisi ikiwa na AC, ukitoka nje lenzi itapata ukungu papo hapo. Kamera iache ndani ya begi lililofungwa dakika kama 20, au muweke ya pili barazani na mtu wa kuilinda.

PichaMtaani: Nakodi 35mm, LED basi. Baadaye nawaza kuwapeleka Boma la Kale, Sokoine Drive.

MamaAlbamu: Pazuri sana, jengo la Sultani Majid la miaka ya 1860. Omba ruhusa kabla ya siku yenyewe, na bibi harusi aje na kandambili za kutembelea. Viatu vyake avivae mkifika.