Natafuta riwaya ya kisayansi iliyokuwa na majalada mawili ya mbele

Mwalimu wa Mbale:

Salaam ndugu wasomaji. Mwaka 1986, nikiwa kidato cha pili, mjomba wangu aliyekuwa karani wa reli pale Tororo alinipa kitabu kidogo cha Kiingereza ambacho hakikuwa na jalada la nyuma, bali kilikuwa na majalada mawili ya mbele. Ukikisoma upande mmoja ulipata riwaya kamili, na ukikigeuza kichwa chini miguu juu ulipata riwaya nyingine, ya mwandishi mwingine. Nilisoma upande mmoja tu, unaosimulia chombo cha angani ambacho abiria wake wamezaliana humo kwa vizazi vingi hata wakasahau kwamba wamo safarini. Kabla sijaugusa upande wa pili, rafiki yangu wa bweni aliomba nimwazime kwa siku mbili, na siku hizo mbili hazijaisha hadi leo.

Majina ya kitabu na ya waandishi yamenitoka kabisa. Ninachokumbuka ni bei ya senti 40 iliyochapwa jaladani na, kando yake, herufi F iliyofuatwa na tarakimu tatu. Nimejaribu kutafuta kwenye intaneti kwa kueleza hadithi, lakini nikaletewa vitabu chungu nzima, maana wazo la chombo cha namna hiyo limetumiwa na waandishi wengi. Maduka ya vitabu ya hapa kwetu yanauza vya kiada tu. Naomba anayejua njia anielekeze.

Karatasi Kuukuu, Kampala:

Mwalimu, hadithi iache kwanza, ushike ile herufi F. Vitabu vya majalada mawili vilitolewa na Ace Books ya New York kuanzia 1952 hadi 1973, na mashabiki wake huviita Ace Double. Herufi ilionyesha bei: D ilikuwa senti 35, F senti 40, M senti 45. Jozi za F zilitoka miaka ya 1960, kwa hiyo chako ni cha wakati huo, na nambari iliyofuata herufi ilikuwa ya kitabu hicho peke yake, kama nambari ya gari. Enzi hizo ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kitabu, haikuwapo, kwa hiyo nambari ya mchapishaji ndiyo iliyokuwa kitambulisho. Orodha kamili ya nambari za F ipo bure kwenye tovuti ya Internet Speculative Fiction Database, inayoorodhesha vitabu vya bunilizi. Si zote za F zilikuwa jozi, kwa hiyo ruka zile za riwaya moja, kisha pitia zinazobaki ukitazama picha za majalada. Ni kazi ya jioni mbili, na jicho hukumbuka jalada ambalo akili imeshasahau jina lake.

Usiyaamini sana majina. Donald A. Wollheim, aliyekuwa mhariri wa Ace hadi 1971, alikuwa na desturi ya kuzipa riwaya majina mapya, na baadhi zilipunguzwa ili zienee katika nusu ya kitabu. Hata mwandishi mashuhuri Isaac Asimov hakusalimika: riwaya yake Foundation, iliyotoka 1951, ilichapwa na Ace mwaka 1955 ikiwa imefupishwa na kuitwa The 1,000 Year Plan. Mtu anayeitafuta kwa jina la kwanza anaweza kuishika mkononi na kuirudisha rafuni.

Kama unashangaa kitabu cha senti za Kimarekani kilifikaje Tororo, kumbuka kwamba walimu kutoka Marekani wa mpango wa Teachers for East Africa walianza kuja mwaka 1961, na wale wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, walifika Uganda 1964. Mtu anayerudi kwao kwa ndege habebi vitabu vya bei rahisi vya namna hiyo, huviacha. Mimi chaguo langu la kwanza bado ni wauza mitumba wa vitabu wanaotandika turubai kando ya barabara hapa mjini. Mwaka jana nilinunua kimoja kwa shilingi 3,000, chini kabisa ya rundo la vitabu vya uhasibu, kikiwa na mhuri wa shule na karatasi za rangi ya chai ya maziwa.

Binti wa Bombo:

Shikamoo Mwalimu. Ukishaipata nambari, utajaribiwa kuagiza siku hiyohiyo kwa muuzaji wa ng'ambo. Nakusihi umwombe kwanza picha tatu: jalada la upande huu, jalada la upande ule, na mgongo wa kitabu. Niliwahi kuagiza kwa kutaja jina la riwaya peke yake, na muuzaji mmoja, ambaye simtaji, akaniletea chapa ya baadaye yenye riwaya moja tu. Hakudanganya, kwa kuwa jina lilikuwa lilelile, lakini nusu niliyoitaka haikuwamo, na gharama ya posta ilikuwa imepita bei ya kitabu mara tatu.

Uliza pia hali ya gundi. Karatasi za vitabu hivyo ni za mbao duni zenye asidi, hubadilika rangi na kukatika zikikunjwa, na gundi ya mgongo ikishakauka kurasa hutoka moja moja kama majani ya mgomba wakati wa kiangazi. Kikikufikia, usikifungue kwa kukilaza wazi mezani.

Msomaji wa Jinja:

Mimi naona mnamtuma Mwalimu kwenye gharama mapema mno. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapwa kabla ya 1964 ilipaswa kuombewa hakimiliki upya baada ya miaka 28, na hadithi nyingi za magazeti ya bunilizi ya sayansi hazikuombewa. Ndiyo maana maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg inazo nyingi za kusoma bila malipo. Riwaya kadhaa za Ace zilitokea kwanza magazetini, mara nyingi kwa jina jingine. Atazame huko kwanza.

Karatasi Kuukuu, Kampala:

Ni kweli, ndugu yangu, ila huko atapata maneno, si kitabu cha mjomba. Na toleo la gazeti huenda lisilingane na alichosoma.

Mwalimu wa Mbale:

Nawashukuru nyote. Marahaba, Binti wa Bombo. Nimepitia orodha kwa jioni tatu, si mbili, na nimebakiwa na nambari mbili. Nimewaandikia wauzaji kuomba picha za mgongo kama nilivyoshauriwa. Wakati huohuo nilimtafuta yule rafiki wa bweni, ambaye sasa anaishi Lira, nikampigia simu. Anasema chombo cha angani hakikumbuki hata kidogo, ila anakumbuka vizuri kitabu ambacho alidhani kiwanda kilikosea kukishona, akaanza kukisoma kwa upande usio wangu. Kesho atanisimulia yaliyomo.