Naomba ushauri: PEPMIS bado inanisomea mkuu wa shule aliyehama

Habari zenu wakuu, hasa walimu na maafisa utumishi mliomo humu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Uvinza, Kigoma. Julai niliingiza majukumu yangu ya mwaka kwenye PEPMIS (mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi), mkuu wa shule akayapitisha, na utekelezaji wa nusu mwaka akaupa alama bila shida. Machi akahamishwa. Tangu hapo kila ninachotuma kinakwenda kwake, mkuu mpya haoni kitu. Juni 30 hiyo inakuja, mwisho wa mwaka wa tathmini.

Nimebadilisha msimamizi kwenye akaunti yangu, jina jipya limekubali, lakini majukumu yaliyokwisha kupitishwa yamegoma kuhama. Mkuu wa zamani nimempigia, anasema kwake hayaonekani tena. Halmashauri nimeambiwa nisubiri. Kusubiri kwenyewe ni huku ambako mtandao unaupata usiku wa manane, tena ukipanda kilimani. OPRAS, ule mfumo wa zamani wa fomu za karatasi, ilikuwa na usumbufu wake, ila karatasi ungeibeba mkononi ukamfuata mtu.

Hofu yangu ni kupanda daraja, maana mwaka huu ni zamu yangu.

Naomba kujua: anayeweza kuyahamisha hayo majukumu ni nani, mimi, mkuu mpya au afisa utumishi? Na nikiyafuta nikaanza upya, zile alama za nusu mwaka zinabaki au zinapotea?

Aliyewahi kukwama hapa anielekeze tafadhali. Natumia simu, kompyuta ya shule ni mbovu.