Naomba ushauri: jina .lubumbashi na barua ya meri

Jambo wandugu. Siye ni vijana sita wa hapa Lubumbashi, tunataka kuomba ICANN (shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani) itupe kusimamia jina la juu la intaneti, yaani mwisho wa anwani kama .com, ila letu liwe .lubumbashi. Ada ya kuomba katika awamu ya 2026 ni dola 227,000 (mwaka 2012 ilikuwa 185,000). Hata wanaopunguziwa asilimia 85 wanabaki na dola 34,050. Hiyo tunaitafuta kwa wafadhili, tuiache kwanza.

Kinachotukwamisha ni barua ya meri, yaani mkuu wa mji, ya kutuunga mkono. Jina la mji likiombwa kwa ajili ya mji wenyewe, lazima liungwe mkono na serikali husika. Tumepeleka ombi letu mara tatu, tuna nakala yenye muhuri wa kupokelewa, umeanza kufifia. Juzi karani akanambia kwa sauti ya chini: kuna kampuni kubwa nayo imeomba barua hiyo. Nikakumbuka jina la .africa: Kamisheni ya Umoja wa Afrika iliwapa DotConnectAfrica, shirika lililotaka kusimamia jina hilo, barua ya kuwaunga mkono 2009, ikaiondoa 2010, na kesi zikafuata.

Maswali yangu: ofisi inaweza kutoa barua kwa waombaji wawili? Na wakitupatia, tuombe iandikwe nini ili isiondolewe kirahisi? Mwenye kujua sheria anisaidie, tafadhali.