Naomba ushauri: picha za nyota kwa simu, niko Mtwara

Habari zenu wakuu. Mwezi huu wa saba nimekuwa nikienda ufukweni Msimbati usiku usio na mbalamwezi, maana kule hakuna taa na Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota nyingi, inapita karibu na utosi. Natumia simu tu, naiegemeza kwenye ngalawa iliyopandishwa mchangani.

Nikiiacha simu ikusanye mwanga sekunde 30 kwa ISO 3200 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nyota zinatoka kama vijiti. Najua ni dunia inazunguka, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nikashusha hadi sekunde 10. Nyota zimekuwa nukta safi, ila picha imejaa chengachenga nyekundu na kijani. Lenzi naifuta kwa upande wa kanga kila baada ya picha mbili tatu, unyevu wa bahari haukawii kuifunika.

Naomba kujua: nikipiga picha 20 za sekunde 10 kisha nikaziunganisha, chenga zitapungua kweli, au lazima nitafute kamera? Na zile rangi za waridi kwenye picha za wenzetu zipo angani au zimeongezwa? Mimi naona ukungu mweupe tu, na mwanangu kaniuliza, nimekosa jibu.